Mama Mkwe Hakuandikwa Jeshi

Afande, ukiambiwa unaondoka na kikosi kwenda misheni, tafadhali usimpigie mama yako simu kumwambia amwangalie mkeo. Nimelisema hili hapa Nakuru mpaka nimechoka, na mwezi huu limekuja tena, safari hii kutoka kwa mwanamume mpole, msomi, anayempenda mkewe. Alinieleza mpango wake kwa fahari. Mamake atatoka Bungoma aje akae nao hapa mtaani Mawanga. Mdogo wake atapita pale kila Jumamosi. Simu ya mke itawashwa lokesheni usiku na mchana, na WhatsApp ya mke itafunguliwa kwenye laptopu ya afande. "Hapo mipaka si imekaa sawa, daktari?"

Mimi si daktari, ni mshauri wa ndoa, lakini niliacha kusahihisha zamani. Mkewe alikuwa ameketi kando yake akikunja na kukunjua risiti. Hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote.

Wanaokuja kwangu wengi wanatoka kambi za jeshi za Lanet na Gilgil, na wachache hupanda matatu kutoka Eldoret ili wasionekane na majirani. (Visa nitakavyotaja nimevichanganya makusudi, ukidhani umemjua mtu, umekosea.) Tangu KDF, yaani jeshi letu la Kenya, iingie Somalia Oktoba 2011 misheni imebadilisha majina: Linda Nchi, kisha zile za Umoja wa Afrika, AMISOM, ATMIS kuanzia Aprili 2022, AUSSOM kuanzia Januari 2025. Wengine wamepelekwa Kongo, wengine msitu wa Boni, karibu na mpaka wa Somalia. Majina yanabadilika, lakini imani ni ile ile: kwamba uaminifu ni kazi ya anayebaki, na kazi ya anayeondoka ni ukaguzi.

Tuanze na hao wakaguzi. Mke anayelindwa hujifunza kuficha, na huficha hata visivyostahili kufichwa. Bomba linapasuka, jirani mstaafu anakuja na spana, anatuma ujumbe kuuliza kama bado linavuja. Ujumbe hauna neno baya. Lakini mama mkwe yuko sebuleni, kwa hivyo mke anaufuta. Miezi kadhaa baadaye mume anarudi, anapekua simu, anakuta mazungumzo yameanzia katikati. Hapakuwa na kosa, sasa kuna kitu kilichofutwa, na hakuna maelezo duniani yatakayomtosha mwanamume aliyekaa mbali muda wote huo akiwaza. Nimeona ndoa ikitikiswa na bomba.

Halafu kuna yule wa kupita Jumamosi. Mke anapofika mahali pa kuniambia ni nani anayemsumbua, mara chache ni dereva wa boda. Mara nyingi ni mtu aliyetambulishwa kwake kama msaidizi: rafiki wa mume, binamu, mwenzake wa kikosi aliyetangulia kurudi. Huyo anajua mume yuko mbali na hatarudi leo. Anajua pesa zinaingia lini. Ana sababu halali ya kubisha mlango saa mbili usiku. Na mke hawezi kumshtaki, kwa sababu yeye ndiye mpeleka ripoti, na ataripoti kwanza. Fisi hapewi bucha alinde, sote tunalijua hilo, lakini ikifika kwa ndugu zetu tunadhani fisi amekula mboga.

Lokesheni ndiyo inayonikasirisha zaidi, maana nayo hugeuka. Wiki ya kwanza mume anadai ya mke. Wiki ya tatu mke, kwa haki kabisa, anadai ya mume. Sasa tuna mwanajeshi aliye kambini Dhobley au Kismayo akishawishika kuwasha kifaa kinachotangaza alipo. Mnakumbuka ile ramani ya Strava? Kampuni ya programu ya mazoezi ilichapisha ramani ya mahali watu wanapokimbia, na Januari 2018 ikagundulika kwamba inaonyesha kambi za kijeshi jangwani, hata njia ambazo askari hupita wakikimbia asubuhi. Hakuna aliyekusudia. Sasa wewe unataka kuthibitisha kwamba hauko kwa mwanamke mwingine kwa kuweka kikosi kizima kwenye ramani. Lokesheni haimo katika makubaliano yoyote ninayosimamia, na jambo hili silijadili.

Na mkitaka kujua kwamba ukaguzi huu hauhusu uaminifu, angalieni mke anapokuwa ndiye afande. Wanawake wamo jeshini Kenya tangu miaka ya 1970. Akienda misheni, nani anamwita mama mkwe aje amlinde mume? Hakuna. Familia inakaa kikao na kuamua kwamba huyo mwanamume ataumia, na inamtafutia msichana wa kazi wa kumpikia.

Sasa, kwa nini watu hukimbilia walinzi badala ya kukaa chini na kuzungumza? Nadhani ni kwa sababu kuzungumza kunaonekana kama kuchuria. "Daktari, tukianza kuongea mambo ya mpango wa kando, si tunauita?" Hata serikali ilipata funzo hilo: Machi 2013 tangazo la televisheni la kuhimiza kondomu, lililoonyesha mwanamke aliyeolewa na mwenye mpango wa kando, liliondolewa hewani baada ya viongozi wa dini kulalamika. Tangazo liliondoka. Mipango ya kando haikuondoka nalo.

Kwa hivyo wanandoa huja wakiwa na sentensi moja tu: "Tumekubaliana tuaminiane." Vizuri. Mmekubaliana kuhusu nini hasa? Hapo chumba hunyamaza.

Sheria yangu kikaoni ni moja: huruhusiwi kuanza sentensi na "wewe". Kila mmoja anaeleza atakavyojiwekea mwenyewe. Wanaume huanza kutoa jasho. Yule wa Mawanga alisema, "Mimi sitaki yeye aende..." nikamkatiza. "Mimi naona yeye..." nikamkatiza tena. Mwishowe akasema, taratibu, "Nikipewa likizo fupi, nitamwambia tarehe kamili, na sitapitia Nairobi kwanza." Mkewe akaacha kukunja risiti. Hiyo likizo ya kupitia Nairobi siku mbili bila taarifa ndiyo iliyokuwa ikimkosesha usingizi tangu misheni iliyopita, na hakuna mtu aliyekuwa ameigusa, kwa sababu mipaka yote ilikuwa imechorwa kumzunguka yeye.

Ndiyo maana nasisitiza mambo madogo yenye sura. Kutolala na mtu mwingine, hilo mnalijua, halihitaji mshauri. Semeni kuhusu saa nne usiku. Nani nitazungumza naye kwa simu saa hizo nikiwa mpweke, na nitamweleza nini? Nitamsimulia mtu matatizo ya ndoa yetu, na kama ndiyo, ni nani? Nitakubali kukopeshwa pesa na mwanamume asiye ndugu yangu? Nitakunywa na nani baada ya zamu? Nikihisi moyo umeanza kumngojea mtu fulani apige simu, nitakuambia baada ya muda gani? Swali hili la mwisho ndilo ninalolipenda, kwa sababu linakubali kwamba moyo unaweza kuanza. Mkijifanya hauwezi, siku ukianza hamtakuwa na la kufanya ila kuuficha.

Kuhusu simu, kuna jambo watu hulikoroga. Mazungumzo ya mkeo na dadake kuhusu matatizo ya uzazi ya huyo dada si mali yako. Aliyeyasema hakukuambia wewe. Kundi la WhatsApp la kikosi cha mumeo nalo si la mke kusoma. Kuwa na mambo ambayo mwenzako hayasomi si kosa. Kinachonihusu ni mazungumzo ambayo ungeyaendesha kwa sauti nyingine kama mwenzako angekuwa ameketi hapo kwenye kochi. Hayo hata ukiyaendesha mchana kweupe na simu isiyo na namba ya siri, yameshavuka. Ndiyo maana kuhesabu nani anajua namba ya siri ya nani hakunisisimui. Anayetaka kuchepuka atanunua laini ya pili.

Lakini sitakuwa mkweli nikiacha hapo. Kuna wanandoa ambao mmoja alishachepuka, ikajulikana, wakaamua kuendelea, na yule aliyekosa akajitolea mwenyewe kuacha simu wazi kwa kipindi. Kwa baadhi yao ilisaidia, usingizi ulirudi. Kwa wengine ikawa kidonda kinachochokonolewa kila jioni. Sijui kutabiri itakuwaje kwa nani.

Pesa ni mpaka wa uaminifu, mtake msitake. Marupurupu ya misheni hutegemea wafadhili, na yamewahi kuchelewa. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipunguza mchango wake kwa AMISOM kwa asilimia 20, na askari wakakaa miezi bila kulipwa. Mke aliye mtaa wa Free Area na kodi ya nyumba inamngoja hafikirii wafadhili wa Brussels. Anafikiria kuna mwanamke Kismayo. Semeni mapema: zikichelewa nitakuambia siku hiyo hiyo, hata kama naona aibu.

Kimya ni hivyo hivyo. Mwanajeshi hawezi kupiga simu kila anapotaka, na wakati mwingine haruhusiwi kusema kwa nini. Kubalianeni kwamba kimya si ushahidi wa kitu. Ila, afande, usimcheke mke anayekupigia mara arobaini. Alfajiri ya Januari 15, 2016 al-Shabaab walishambulia kambi ya KDF ya El Adde, Somalia, na wengi waliokuwa pale walitoka kikosi cha 9 Kenya Rifles (9KR), Moi Barracks Eldoret. Wako wanawake waliokaa na simu mkononi wakitafuta mtu yeyote wa kuwaambia lolote. Tangu hapo, simu isiyopokelewa katika nyumba hizi haina maana moja tu. Unayemuita mwenye wivu huenda alikuwa anahesabu kama umekufa.

La sheria nitalipitia haraka. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa ya kiserikali, ya Kikristo na ya Kihindu ni ya mke mmoja. Ya kimila na ya Kiislamu inaweza kuwa ya zaidi. Kwa hivyo anayeniambia "nikimpata mwingine huko nitaoa tu, baba yangu alikuwa na wawili" aniambie kwanza alitia sahihi karatasi gani.

Sasa swali ninaloogopa kuulizwa. Mmoja ameteleza wakati mwingine yuko misheni. Aseme lini? Nilivyofunzwa, ukweli usicheleweshwe, kwa sababu kuchelewesha ni uongo wa pili. Ninaamini hivyo. Lakini nimewahi kuulizwa na mke ambaye mumewe alikuwa zamu usiku ule, amebeba bunduki, peke yake na mawazo yake. Nikamwambia angoje mumewe arudi. Na pale aliyeteleza na kungoja kusema ndiye afande, mke anabaki akiishi mwaka mzima na mtu asiyemjua, akipanga naye ujenzi wa nyumba. Je, kumnyima mtu ukweli kwa ajili ya usalama wake si ule ule ulinzi ninaoukemea? Sina jibu lililonikalia vizuri. Ninachofanya siku hizi ni kuwauliza kabla ya safari, wote wawili wakiwepo: likitokea, ungetaka kuambiwa huko huko au ukirudi? Majibu hayafanani kabisa, hata ndani ya ndoa moja, na angalau hapo aliyeteleza hachagui mwenyewe kinachomfaa yeye.

Isipokuwa pale penye hatari ya maambukizi na likizo iko karibu. Hapo hapana hiari. Utamwambia kabla hamjalala pamoja.

Na kuhusu kurudi, mpimwe VVU. Wote wawili, pamoja, bila kumtazama mmoja kama mshukiwa. Utafiti wa KENPHIA wa 2018 uliweka maambukizi ya VVU kitaifa kwenye asilimia 4.9 kwa walio kati ya miaka 15 na 64, Kisumu ikiwa 17.5 na Homa Bay 19.6. Wako wake wa wanajeshi wanaorudi kukaa nyumbani kwao pande hizo mume akiwa mbali, na wanaume nao hawaendi kukaa kwenye monasteri. Vifaa vya kujipima viko kwenye maduka ya dawa tangu 2017. Likitokea jibu la chanya, nendeni kituo cha afya lithibitishwe kabla hamjaanza kugawana vyombo. Na kipimo cha siku ya kurudi huenda kisione maambukizi ya wiki chache zilizopita, kwa hivyo tumieni kondomu na mrudie baada ya miezi mitatu. Msilete mama mkwe kwenye hicho kipimo pia. Mmoja aliletwa. Alikuwa na maswali mengi kuliko muuguzi.