Bonsai ya mbegu maana yake nini hasa?

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mtandaoni kipakiti kilichoandikwa "mbegu za bonsai". Ndani mlikuwa na mbegu kumi, na juu yake picha ya mti mdogo wenye majani ya buluu yanayometameta. Niliziatika zote kumi na haikuota hata moja. Baadaye nikaambiwa kwamba hata zingeota, mti ule wa buluu haupo duniani, ni picha iliyopakwa rangi kwenye kompyuta. Pesa ilishakwenda, ila nikabaki na swali ambalo ningepaswa kumuuliza muuzaji mapema: mbegu ya bonsai ni mbegu ya mti gani?

Ni ya mti wowote. Bonsai si jina la mti kama mwembe au mvinje. Ni neno la Kijapani lenye vipande viwili: *bon*, yaani sinia au chombo kifupi, na *sai*, yaani kupanda. Kazi yenyewe Wajapani waliipokea kutoka China. Kwenye kuta za kaburi la mwanamfalme Zhanghuai, lililojengwa mwaka 706, wamechorwa watumishi wamebeba vimiti kwenye vyombo vifupi.

Kwa hiyo udogo wa bonsai haumo ndani ya mbegu. Chukua mkwaju uliofanywa bonsai, wenye kimo cha kikombe cha chai. Ukibahatika ukazaa, kausha kokwa zake, uzipande shambani: zitatoa mikwaju ya kawaida inayoweza kufika mita 20. Udogo unatoka mikononi mwa mtunzaji, anayepogoa matawi, anayepunguza mizizi na kuipimia nafasi. Wapo wanaodhani mti hunyimwa chakula mpaka ukadumaa. Ukijaribu hivyo utauzika tu. Bonsai hula mbolea na hunywa maji kila siku ya jua kali, tena huhitaji jua lenyewe, si kona ya sebuleni karibu na televisheni.

Wajapani wanatofautisha bonsai kwa jinsi zilivyoanza. Iliyotokana na kipandikizi, yaani tawi lililokatwa na kuchomekwa udongoni, ni *sashiki*. Iliyotokana na tawi lililootesha mizizi likiwa bado mtini ni *toriki*. Mti uliochimbwa porini ukiwa tayari na shina la kizee huitwa *yamadori*. Iliyoanza na mbegu ni *misho*, nayo ndiyo njia ndefu kuliko zote. Faida yake ni kwamba mizizi na mkunjo wa shina ni vyako tangu siku ya kwanza, hakuna kovu la mtu mwingine. Na ni rahisi kwa mfuko: kokwa za ukwaju zinabaki kwenye chujio kila unapotengeneza juisi. Chukua zile ulizoloweka kwa maji baridi, maana zilizochemshwa zimeshakufa.

Hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Kuotesha bonsai kwa mbegu ni kazi mbili zinazofuatana: kwanza unakuza mti, kisha unaufanya bonsai. Anayeanza hufanya zote siku moja. Mche una majani manne, tayari amekwishautia kwenye kile chungu kizuri cha kauri, anausubiri uzeeke. Hauzeeki. Shina hunenepa kwa kadiri majani yanavyokuwa mengi na mizizi inavyopata pa kutambaa, na ndani ya kichungu vyote viwili vimebanwa. Baada ya miaka mitano utakuwa na kijiti chenye unene wa penseli. Mche uleule ukiwa ardhini au kwenye ndoo kubwa, ukaachwa urefuke mpaka ukupite kimo, hutoa shina. Likishapata unene unaoutaka unakata chini, pengine theluthi mbili ya mti inaondoka, halafu unaanza kujenga matawi upya. Mara ya kwanza mkono unatetemeka.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kimo mara sita ya unene wa shina: shina la sentimita 4 hubeba mti wa sentimita 24 hivi. Si sheria, ila kinakuonyesha kwa nini penseli haitoshi.

Kuhusu aina ya mti, ushauri wangu ni mfupi: anza na unachokiona kikiota mtaani kwako. Mepo wa Kijapani (*Japanese maple*) una majani mazuri, lakini mbegu zake zinataka baridi ya friji kwa miezi kama mitatu ndipo ziamke, na mti wenyewe unataka kipupwe cha kweli kila mwaka. Hapa Tanga utaupatia wapi? Mkwaju, mbuyu na migunga imezoea jua letu. Mkwaju naupendelea kwa sababu vijani vyake ni vidogo kwa asili, vikionekana juu ya shina fupi macho yanadanganyika kwamba huo ni mti mkubwa uliotazamwa kwa mbali. Mwembe hauwezi mchezo huo. Majani yake ni mapana, na embe halipungui ukubwa kwa sababu mti umepogolewa.

Kokwa ya ukwaju ina ganda gumu linalong'aa. Isugue upande mmoja kwa msasa mpaka uone rangi ya ndani, iloweke usiku kucha, asubuhi ifukie sentimita moja na nusu hivi. Ndani ya wiki moja au mbili udongo unapasuka na zinapanda ndimi mbili nene za kijani, ile kokwa yenyewe imegawanyika. Udongo uwe wa kupitisha maji haraka: changarawe ndogo, mchanga wa mto uliochekechwa ukatolewa vumbi, na mboji kidogo. Mimi mara ya kwanza nilitumia udongo wa bustani mtupu nikamwagilia asubuhi na jioni. Miche saba ililala chini kwa siku mbili, shina limekuwa jembamba kama uzi pale linapogusana na udongo. Ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu ambao kila mwenye kitalu anaujua, na hupenda unyevu usiokauka na miche iliyosongamana.

Miche iliyopona ikifikisha majani kadhaa, ing'oe taratibu na ukate mzizi mkuu, ubakize kama nusu. Mkwaju hutuma mzizi huo chini moja kwa moja kama msumari, na ukiuacha hautapata ile mizizi ya pembeni inayoshika ardhi kama vidole, ambayo ndiyo mtazamaji wa bonsai huitazama kwanza. Ipande tena, ikae kivulini wiki moja au mbili. Shina likiwa bado la kijani unaweza kulizungushia waya wa alumini na kulikunja. Ila lichungulie mara kwa mara, kwani waya ukisahauliwa hudidimia kwenye gome na alama yake hukaa miaka.

Mkwaju wangu mmoja sasa una miaka minne, uko kwenye ndoo ya plastiki iliyotobolewa chini. Magharibi inapoingia majani yake yanajikunja kama yanayojiandaa kulala. Juzi jirani alipita akasimama akautazama kuanzia chini mpaka juu.

"Jirani, si ulisema mti wako ni wa bonsai? Mbona umeshanipita kimo?"

Nikamwambia bado haujawa bonsai. Nitaukata mwakani, masika yakikaribia.