Je, wajua kwa nini kisu hukatikia mpinini?

Kisu changu cha kwanza cha porini kilikatika Monduli, jioni ya mwezi wa nne, masika yamekolea. Tulikuwa watu wanne, mbuzi ameshachunwa, na kuni zote tulizookota zimelowa. Kuni iliyonyeshewa huwa imelowa kwa nje tu, ndani ni kavu, kwa hiyo unaipasua: unaweka makali juu ya kipande chenye unene wa kifundo cha mkono, unagonga mgongo wa kisu kwa gongo, kisu kinashuka na kuni inapasuka. Unarudia mpaka upate vijiti vikavu vya kuwashia moto. Pigo la tatu au la nne nikasikia mlio mkavu. Mpini nimebaki nao mkononi, bapa limeganda kwenye kuni.

Kisu chenyewe nilikinunua mjini Arusha kwa sababu kilikuwa kinang'aa, kina meno ya msumeno mgongoni na dira ndogo kwenye kitako cha mpini. Nilipoupasua ule mpini wa plastiki nikakuta ndani chuma chembamba kama penseli, urefu wake haufiki kidole gumba. Hicho ndicho kilichokuwa kimeshikilia kisu kizima.

Chuma hicho kina jina lake kwa Kiswahili: msuka. Ni ule mkia wa kisu au jembe unaoingia kwenye mpini na kupotea machoni. Wengi tunaponunua kisu tunatazama bapa, tunapitisha kidole kwenye makali, tunalipa. Msuka hatuuoni, na ndio unaokatika.

Kwa nini ukatike pale pale? Fikiria spana. Nati ikikaza unatafuta spana ndefu, maana nguvu ile ile ukiiweka mbali na nati inazaa msukumo mkubwa zaidi. Kisu nacho ni hivyo hivyo. Ukikandamiza kwa ncha, au ukigonga mgongo karibu na ncha huku mkono umeshikilia mpini, mzigo unaongezeka kadiri unavyorudi nyuma kuelekea mkononi. Mahali bapa linapoingia kwenye mpini ndipo mzigo unapokuwa mkubwa kuliko sehemu nyingine yote ya bapa, na hapo hapo watengenezaji wa visu vya bei rahisi ndipo wanapopunguza chuma.

Tena hasara yake haiendi taratibu. Uwezo wa chuma kuhimili pigo la mgongoni unafuata upana wake uliozidishwa kwa wenyewe. Bapa likiwa na upana wa sentimita 3 na msuka sentimita 1.5, kwa unene ule ule, hujabaki na nusu ya nguvu, umebaki na robo. Msuka ukiwa sentimita 1 umebaki na sehemu moja kati ya tisa. Halafu kuna kona. Pakiti ya karanga huwezi kuichana kirahisi mpaka upate ule mkato mdogo pembeni, ukiupata inachanika yenyewe. Msuka uliokatwa kwa kona kali ya mraba una mkato wa aina hiyo tangu kiwandani, na ufa unaanzia hapo. Mtengenezaji anayejua kazi huipa kona hiyo mviringo.

Ndiyo maana kisu cha kazi nzito za kambini, yaani kupasua kuni, kuchonga vigingi vya hema na kuchimbua, kinatakiwa kiwe na msuka kamili: chuma chenye upana wa mpini kinachokwenda mpaka kitakoni, na vipande viwili vya mbao vimebanwa ubavuni kwa ribiti. Kitazame kwa juu na kwa chini. Ukiona mstari wa chuma umezunguka mpini wote, sawa. Usipouona, muulize muuzaji, na kama hajui jibu, rudisha kisu mezani.

Lakini nisiwaonee wengine. Visu vya Mora, mji wa Sweden ambao historia ya kiwanda chake cha visu inarudi nyuma hadi 1891, vingi vina msuka unaoishia ndani ya mpini, na bado ni miongoni mwa visu bora vya kuchonga ambavyo fedha ya kawaida inaweza kununua. Sime ya Kimasai nayo ina mpini mdogo uliovikwa ngozi. Bapa lake linapanuka kuelekea ncha, uzito uko mbele, kwa sababu ni silaha ya kufyeka na kukata kwa mkono unaorushwa. Sime haikuundwa igongwe mgongoni kwa gongo. Kila kimoja kinadumu kwenye kazi yake, na kisu changu cha Monduli hakikuwa na kazi yoyote kilichoundiwa zaidi ya kupendeza kabatini.

Kulikuwa na kosa la pili ambalo sikulijua mpaka nilipofika Mamba, upande wa Marangu, ambako bado kuna Wachagga wanaofua chuma. Eneo hili lote lina historia ndefu ya kazi hiyo. Ng'ambo kule, Ugweno katika milima ya Upare, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na chuma cha Upare kilifika kwa Wachagga na kwa Wamasai. Nilimwamkia mzee mmoja mhunzi, nikampa kile kipande kilichokatika. Hakutazama makali. Aligeuza pale palipovunjika, akapaelekeza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Unaona nini hapa, mwanangu?"

"Chembechembe, mzee. Kama sukari."

"Basi kiliungua."

Nikasogeza macho karibu. Kweli, chuma kilikuwa na punje kubwa zinazometameta, kama sukari ya kwenye kijiko. Akachukua kipande cha kisu chake mwenyewe kilichowahi kukatika, akanionyesha: kijivu, laini, kama kitambaa cha mahameli. Chuma kikipashwa moto kupita kiasi punje zake hukua, na punje zikishakuwa kubwa ufa unapita kirahisi. Kinaweza kuwa kigumu na kikakata vizuri, ila siku ya kupigwa kinakatika kama chaki.

Mzee anafanyia kazi springi za gari, zile bamba ndefu za chini ya Land Rover na malori. Huo ni uchaguzi mzuri. Chuma cha springi mara nyingi kina kaboni karibu asilimia 0.6, inayotosha kukifanya kigumu bila kukifanya chepesi kuvunjika. Ila springi ikitoka kwenye gari ni laini kuliko kisu kinavyotaka, kwa sababu kiwandani ililainishwa makusudi ili inepe. Mhunzi anayeikata na kuinoa tu anakupa kisu imara kinachobutuka upesi. Inatakiwa irudi motoni mpaka ifike rangi ya nyanya mbivu, sumaku isishike tena, halafu izamishwe kwenye oili. Hapo inakuwa ngumu na dhaifu kama kioo. Kwa hiyo inapashwa mara ya pili, safari hii kidogo tu, nyuzi 200 hivi za Selsiasi, mpaka chuma kilichosafishwa kwa msasa kigeuke rangi ya asali. Ukimuuliza mhunzi kuhusu hatua hii ya pili akakujibu bila kufikiri, nunua kwake.

Dukani huwezi kuvunja kisu ukaone punje zake. Lakini unaweza kuomba ruhusa, ukachukua tupa ndogo, ukaipitisha taratibu karibu na mpini ambako alama haitaonekana. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu. Iking'ata na kutoa unga, ni laini mno. Sumaku usiiamini. Watu wengi husema kisu kisichoshika kutu hakinasi sumaku; karibu visu vyote vinanasa, viwe vya kaboni au vya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chuma cha kisu lazima kiwe cha aina inayokubali kuwa ngumu kwa moto.

Vipimo havina siri kubwa. Bapa la sentimita 10 hadi 12, unene wa milimita 3 hadi 4. Kizidi hapo unabeba nondo. Kazi ya kufyeka mwachie panga, ambalo ni jembamba na laini makusudi, lipinde badala ya kukatika, na linolewe kwa tupa shambani. Meno ya msumeno mgongoni achana nayo, yanakunyima mahali pa kugonga. Na kwa wanaopanda mlima: ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro moto wa kuni hauruhusiwi, wapishi hutumia gesi, kwa hiyo huko kisu kitakatia mkate na vitunguu.

Kati ya chuma cha kaboni na kisichoshika kutu, mimi nachukua kaboni, kwa kuwa kinanoleka kwa jiwe la kawaida. Gharama yake ni utunzaji. Kikilala usiku kwenye ala ya ngozi iliyolowa, asubuhi kina madoa ya kutu. Kifute, kipake mafuta ya cherehani, na kwenye safari ndefu kihifadhi nje ya ala. Weusi unaokitokea baada ya kumenya ndizi za mtori si kutu. Ni utomvu wa ndizi unaokutana na chuma, na ngozi hiyo nyeusi husaidia kidogo kuzuia kutu halisi. Usiisugue.

Na ukikipeleka kwa mnoaji wa mtaani mwenye jiwe la kuzunguka, simama hapo hapo umwangalie. Makali yakigeuka rangi ya samawati, joto limeshapita nyuzi 280 na ule ugumu wa mhunzi umepungua hapo. Mwombe achovye kisu kwenye kopo la maji kila baada ya kukipitisha jiweni mara mbili tatu, akiguse kwa kidole kabla ya kuendelea. Cha kwangu nakinoa mwenyewe barazani, kwa jiwe na maji, kila baada ya safari.