"Hawana ushahidi, ni maneno tu"

Nimeisikia tena juzi. Mteja kakaa mbele yangu, mguu juu ya mguu, hati ya mashtaka mkononi na tabasamu la mtu aliyekwisha kushinda. Hakuna kamera iliyomnasa, hakuna alama za vidole, hakuna karatasi yenye saini yake. Yupo mwanamke mmoja tu atakayekuja kusema alichokiona. "Wakili, hawana ushahidi. Ni maneno tu ya yule mama." Kwa hesabu zake kesi imekwisha kabla haijaanza, na kazi yangu ni kwenda kumkumbusha hakimu ili sote tuwahi kurudi nyumbani.

Huyo alikuwa wa tatu mwezi huu. Naandika ili wa nne nimtumie kiungo.

Ushahidi wa mdomo ni ushahidi. Si nusu ushahidi, wala si ushahidi wa akiba unaosubiri video ije kuuokoa. Mtu akila kiapo, akaeleza alichokiona kwa macho yake au kukisikia kwa masikio yake, akadodoswa na upande wa pili, maelezo yake yakabaki yamesimama, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno hayo peke yake. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliisambaza kwenye makoloni yao mengi na ambayo mifupa yake bado imo ndani ya sheria za nchi kadhaa, ilitamka wazi kwamba hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayohitajika kuthibitisha jambo lolote. India yenyewe imeshaiweka kando sheria hiyo, na mpya ilianza kutumika Julai 2024, lakini kanuni hii waliibeba vilevile. Mashahidi hupimwa, hawahesabiwi.

Imani kwamba shahidi mmoja hatoshi haikuzuka hewani, nakubali. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, inataka mashahidi wawili au watatu. Qurani inataka wanne kwa anayemtuhumu mwanamke zinaa, na asiyewaleta anapigwa yeye bakora 80. Warumi nao walifika mahali wakasema shahidi mmoja ni sawa na hakuna. Kwa hiyo mteja wangu ana wazee wa heshima nyuma yake. Tatizo ni kwamba hakimu atakayemsikiliza hafuati hao.

Na hata leo zipo kona za sheria zinazotaka zaidi ya mdomo mmoja. Scotland bado inadai kesi ya jinai dhidi ya mshtakiwa iungwe mkono na chanzo cha pili. Katiba ya Marekani inataka mashahidi wawili wa tendo lilelile, au kukiri mbele ya mahakama, ndipo mtu atiwe hatiani kwa uhaini. Kisha kuna hii ninayoipenda kuliko zote: Uingereza, dereva hawezi kutiwa hatiani kwa mwendo kasi kwa maoni ya shahidi mmoja tu kwamba gari lilikuwa linakimbia. Yaani shahidi mmoja anaweza kumpeleka mtu kifungo cha maisha kwa mauaji, ila hawezi peke yake kumtoza faini ya barabarani. Ukitafuta sheria yenye mantiki iliyonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, umekosea mlango.

Tetesi ni jambo jingine, nalipita haraka. Shahidi akianza na "jirani aliniambia kwamba…" nitasimama kupinga, na mara nyingi nitasikilizwa. Watu huchanganya hili na ushahidi wa mdomo kwa sababu vyote vinatoka kinywani. Mmoja anasema alichokiona, mwingine anabeba alichokiona mtu ambaye hayupo kudodoswa. Milango ya dharura ipo, kama maneno ya mtu aliye katika kufa, lakini siifungui leo.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa. Mtu akisema "maneno tu", kichwani ana picha ya ushahidi "wa kweli", na huo kwake ni kitu: kisu, video, karatasi, ripoti ya maabara. Anadhani kitu kinaingia mahakamani kwa miguu yake na kujieleza. Hakiingii. Kisu ni bubu. Anahitajika mtu aapishwe, aseme nilikiokota mahali fulani, nikakifunga hivi, nikamkabidhi fulani; na fulani naye aje aseme alikipokea kikiwa hivyo na alikihifadhi wapi. Katikati akikosekana mtu mmoja wa kueleza, mnyororo umekatika, na kisu chako kinabaki chuma cha kukatia vitunguu. Video nayo ni hivyohivyo. Nani aliirekodi? Kwa kifaa gani? Saa ya kifaa ilikuwa sahihi? Nani aliitoa kwenye kifaa na kuileta hapa? Majibu yote hayo ni maneno. Ukitupa nje ya mahakama "maneno tu", umetupa na vielelezo vyote.

Na vitu navyo hudanganya, tena kwa sura ya utulivu isiyo na jasho. Ujerumani walimsaka kwa miaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilikuwa vimeonekana kwenye matukio kama 40, mengine Austria na Ufaransa, likiwemo la kuuawa kwa askari polisi wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikabainika mhalifu huyo hakuwahi kuwepo. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwandani aliyeshika pamba za kuchukulia sampuli kabla hazijawafikia polisi. Maabara haikukosea kusoma. Ilisoma vizuri kabisa kitu ambacho hakikuhusika.

Halafu kuna Posta ya Uingereza. Kuanzia 1999 wasimamizi wa matawi madogo waliletewa mfumo wa hesabu wa kompyuta ulioitwa Horizon. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha, na katika miaka kama 15 iliyofuata watu zaidi ya 900 wakafikishwa mahakamani kwa wizi, udanganyifu na kughushi hesabu. Wengi walisema jambo moja: sijaiba, mashine inakosea. Upande mmoja karatasi iliyochapwa na kompyuta, upande mwingine maneno tu. Kisieni nani aliaminiwa. Zamani sheria ya huko ilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kwanza kwamba ilikuwa ikifanya kazi sawasawa, lakini sharti hilo likafutwa kwa sheria ya mwaka 1999, na baada ya hapo kompyuta ikawa inadhaniwa kuwa nzima mpaka mtu athibitishe ugonjwa wake. Msimamizi wa tawi dogo angethibitishaje? Desemba 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuleta upungufu kama huo, na mwaka 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kufuta hatia hizo kwa mkupuo. Watu walikuwa wamefungwa, wamefilisika, wengine wamekufa. Kila ninapoambiwa "maneno tu" nawakumbuka wale. Wao ndio waliokuwa na maneno tu, na maneno yao yalikuwa kweli.

Mteja anayebaki mbishi baada ya hapo huja na hoja ya pili: "Basi ni neno langu dhidi ya lake, moja kwa moja, sare." Hapa yuko karibu na ukweli, na ndiyo maana anapotea zaidi. Ni kweli kwamba mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka, tena bila kuacha shaka la msingi. Hakimu akimaliza kusikiliza na kushindwa kabisa kuamua amwamini nani, mshtakiwa anakwenda nyumbani. Lakini hakimu haanzi kwa kuwapa kila mmoja bao moja. Anauliza: huyu mama alikuwa umbali gani, kwenye mwanga gani, kwa muda gani? Alichosema polisi siku ileile kinalingana na anachosema leo? Ana kisa na mshtakiwa? Anajua kitu ambacho asingeweza kukijua kama hakuwepo? Na mshtakiwa, akijitetea, mbona habari hii hakuigusia wakati shahidi anadodoswa, ameianza leo? Yakishapita hayo, sare huwa ni nadra sana.

Swali la "upo ushahidi?" na swali la "unatosha?" ni maswali mawili. La kwanza ndilo linaloulizwa upande wa mashtaka unapofunga kesi yao, ili kujua kama kuna kesi ya kujibu. Mama mmoja anayeeleweka anatosha kabisa kuuvusha upande wa mashtaka hapo. La pili linangoja hukumu. Watu wa mitandaoni hulitumia la kwanza kama rungu: mwanamke akisema amebakwa, wanauliza "ushahidi uko wapi?" ilhali ameutoa sasa hivi, wameusikia, na wanachobishana ni uzito wake. Kwa muda mrefu mahakama zenyewe zilikuwa na ugonjwa huo. Uingereza jaji alilazimika kuwaonya raia wa juri, wanaoamua hatia, kuhusu hatari ya kumwamini mlalamikaji wa kosa la kujamiiana asiyeungwa mkono na ushahidi mwingine, na sharti hilo liliondolewa mwaka 1994 tu. Mwenye nyumba aliyeona mwizi hakuwekewa onyo kama hilo.

Kuna upande wa pili, ambao nikiuficha nitakuwa mwongo. Shahidi mkweli anaweza kukosea vibaya, hasa kwenye kutambua sura. Mwaka 1896 mahakama ya London ilimfunga Adolf Beck baada ya wanawake kadhaa kumtambua kuwa ndiye tapeli aliyewaibia vito. Akatoka, na mwaka 1904 akatambuliwa tena na wengine na kutiwa hatiani tena. Ukiwajumlisha wanazidi kumi, na wote walimkosea mtu. Tapeli halisi alikamatwa akiendelea na kazi yake huku Beck akiwa rumande anasubiri adhabu. Fedheha hiyo ilichangia kuanzishwa kwa Mahakama ya Rufaa ya Jinai mwaka 1907. Kwa hiyo hata ukimpa mteja wangu mashahidi kumi anaowataka, hawatibu kitu kama wote wameangalia gizani. Ndiyo sababu kuna tahadhari maalumu kwa ushahidi wa utambuzi: mwanga, umbali, muda, kama walifahamiana, kama kulikuwa na kizuizi. Kesi yetu iko hapo, na nilipomweleza mteja kwamba nitampigania kwenye mwanga na umbali badala ya "hakuna ushahidi", aliniangalia kama nimemuuza.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Hukumu hupenda kusema hakimu "alipata fursa ya kumwona shahidi akitoa ushahidi", na mahakama ya rufaa huliheshimu hilo. Maana yake: alimtazama usoni. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliojumuisha tafiti nyingi ulikuta kwamba watu wanaotenganisha uongo na ukweli kwa kumsikiliza na kumtazama msemaji hupatia kama mara 54 katika 100. Sarafu ingepatia 50. Mimi mwenyewe nimewahi kumdodosa mzee mpaka akachanganya tarehe, akatetemeka, akaonekana mwongo, na mteja wangu akaachiwa. Niliporudi ofisini kusoma upya jalada nikaona mzee alikuwa sahihi tangu mwanzo. Alikuwa na hofu tu. Nilifanya kazi yangu, na mbinu ile ningeitumia tena kesho, lakini sijui kama chombo tunachotumia kupima maneno kina ubora tunaoudai. Sijaona kingine cha kukiweka mahali pake.

Turudi kwa mteja. Nilimuuliza usiku ule alikuwa wapi. Nyumbani. Nani anajua? Mke wake. Kuna risiti, simu uliyopiga, kamera ya getini? Hakuna. Nikaandika kwenye daftari, nikamgeuzia asome: utetezi, maneno tu ya mke.

Alishusha mguu. Akauliza kama mke wake anaweza kuja siku ya kesi. Anaweza, nikamwambia, ila amlete kwangu Jumatatu kwanza, na njiani wasipange cha kusema.