Kabla Uzi Haujasokotwa, Huvutwa: Kazi ya Rola Katika Mashine ya Pamba

Wageni wanaoingia karakana yetu ya mafunzo hapa Arusha huvutiwa kwanza na bobini. Zinazunguka kwa kasi isiyofuatika kwa jicho, uzi unajikunja juu yake, na mgeni anabaki kutikisa kichwa. Hakuna anayeinua macho kutazama rola zilizo juu ya bobini, zinazojizungukia taratibu kama hazina safari. Mimi huwasogeza huko kwa mkono. Msokoto huupa uzi nguvu, lakini unene wake, na kama utalingana mwanzo hadi mwisho, vimeshaamuliwa na rola kabla ya bobini kupata chochote.

Jaribu mwenyewe nyumbani. Chukua pamba ya duka la dawa, ichane iwe ukanda mwembamba, kisha uishike kwa mikono miwili. Vidole vya kulia na kushoto vikikaribiana mno, ukivuta haiendi: mikono yote miwili imekamata nywele zilezile, na ukilazimisha zinakatika. Vidole vikiwa mbali mno, pamba inachomoka kwa mabonge, hapa nene, pale nyembamba, mwisho inaachana. Katikati ya hapo kuna umbali ambao nywele zinateleza zenyewe kwa zenyewe na ukanda unarefuka bila kukatika. Waliowahi kusokota tambi za vibatari wanaujua umbali huo kwa vidole, bila kufundishwa.

(Nasema nywele makusudi. Nikiziita nyuzi tutazichanganya na uzi wenyewe. Nywele ya pamba yetu ina urefu wa milimita 28 hivi, haifiki sentimita 3.)

Mashine imeweka rola mahali pa vidole. Kwa kawaida ni jozi tatu, moja nyuma ya nyingine. Rola za chini ni za chuma chenye mifereji, na gia ndizo zinazozizungusha. Za juu zimevikwa mpira na kukandamizwa kwa springi au hewa, nazo huzunguka kwa kuburuzwa na za chini. Jozi ya nyuma hupokea utambi, yaani ukanda mnene wa pamba ambao bado haujawa uzi, ya mbele huutoa. Siri yote ni kwamba ya mbele huenda mbio kuliko ya nyuma.

Tuchukue mfano wa rola zenye kipenyo cha milimita 25. Ya nyuma ikizunguka mara 7 kwa dakika na ya mbele mara 210, utambi umevutwa mara 30. Kama uliingia ukiwa na gramu 0.6 kwa kila mita, unatoka na gramu 0.02, yaani kilometa nzima ya uzi ina uzito wa gramu 20. Mvuto huo haufanyiki kwa pigo moja. Kati ya jozi ya nyuma na ya kati utambi huvutwa kidogo tu, tuseme mara 1.2, ili nywele zilegee na kujinyoosha. Kisha kati ya jozi ya kati na ya mbele huvutwa mara 25. Zidisha 1.2 kwa 25, unarudi kwenye 30 yako.

Ugumu uko kwenye umbali. Jozi mbili zikikaa karibu kuliko urefu wa nywele, nywele hukatika. Zikikaa mbali, unywele mfupi ukishaachwa na rola za nyuma na kabla haujafikiwa na za mbele, hauna mwenyewe. Jirani zake waliokwisha kukamatwa na rola za mbele huukokota kabla ya wakati wake, nao ukiondoka hauondoki peke yake. Zinakwenda kwa kundi, kisha panabaki pengo, kisha kundi jingine. Uzi unatoka na mawimbi.

Jambo hili liliwahangaisha watu miaka mingi. Uingereza, Lewis Paul alipata hataza ya kuvuta pamba kwa rola mwaka 1738, akishirikiana na John Wyatt, lakini biashara yao haikusimama. Mwaka 1769 Richard Arkwright, aliyekuwa kinyozi na mtengeneza nywele za bandia, alipata hataza ya mashine yake, na mwaka 1771 akaanza kujenga kiwanda Cromford kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji. Wazo la rola halikuwa jipya. Alichokipata ni nafasi sahihi kati ya jozi na jozi, na uzito wa kutosha juu ya rola za juu ili zisiteleze. Napenda kuwakumbusha wanafunzi wangu hilo, maana kila mmoja anataka kubuni mashine mpya na hakuna anayetaka kurekebisha nafasi. Hata hivyo nywele fupi ziliendelea kusumbua hadi mwanzoni mwa karne ya 20, Mhispania Fernando Casablancas alipotumia mikanda miwili midogo inayozibana kwa upole na kuzisindikiza hadi karibu na rola za mbele. Mikanda hiyo imo kwenye mashine za leo.

Si kila uzi unapitia haya. Vyandarua vya Olyset vilivyotengenezwa hapa Arusha na A to Z vina uzi wa plastiki unaotoka mrefu moja kwa moja, hauna nywele fupi za kusindikizwa. Pamba ndiyo yenye tabia.

Na pamba huja na mambo yake kutoka shambani. Ikiwa vidukari au inzi weupe wameiachia utomvu wao mtamu, rola zinanata na nywele zinajizungushia humo. Kipande cha kiroba cha sandarusi kilichoingia wakati wa kuvuna hupita hadi kwenye nguo. Hewa nayo ina sehemu yake. Kiangazi chetu kikikausha ukumbi, umeme tuli hufanya nywele zing'ang'anie rola, ndiyo maana unyevu hutunzwa kwenye asilimia 55 hadi 60. Nywele zikijizungusha, mhudumu mwenye haraka huchukua wembe akazikata juu ya mpira. Naomba wembe ubaki nje ya ukumbi. Kila alama anayoacha ni mahali pa nywele nyingine kunasa.

Rola isiyo duara kamili huandika kosa lake kwenye uzi, na huliandika kwa kipimo. Mzingo wa rola ya milimita 25 ni karibu sentimita 8. Ikipinda ya mbele ya chini, unene unajirudia kila sentimita 8. Ikipinda ya nyuma, kosa huvutwa pamoja na pamba mara 30, linajirudia kila mita 2.4 hivi.

Kiwanda kimoja kilituletea kitambaa chenye mistari na lawama tayari: pamba ya Kanda ya Ziwa mwaka ule ni mbaya. Tuliomba bobini zenyewe, tukazungusha uzi kwenye kibao cheusi na kushika rula. Bobini mbili tu zilikuwa na kosa, nazo zilitoka mahali palipopakana kwenye mashine. Nafasi kati ya unene na unene ilikuwa sentimita 9, wala si 8. Rola ya juu ni nene kidogo kuliko ya chini kwa sababu ya mpira wake, na rola moja ya juu huhudumia nyuzi mbili. Tulipofika kiwandani tulikwenda moja kwa moja hadi pale, tukaitoa, tukaizungusha juu ya kipimo. Mpira ulikuwa umesagwa upande mmoja zaidi ya mwingine siku ulipofanyiwa matengenezo. Rola nyingine ilifungwa kabla ya chai ya saa nne, na marobota yaliyokuwa yametengwa yarudishwe Shinyanga yakarudi ghalani.