Kona za mto na maziwa ya upinde: maji yanavyohamisha kingo

Mto unaopita kwenye uwanda wa udongo laini haukai mahali pamoja. Hupinda huku na huku, na kona zake husogea. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mto hupinda kwa kukwepa vizuizi, au kwa kuwa umechoka na maji yake yanakwenda polepole. Hayatoshi. Hata vijito vya maji ya barafu iliyoyeyuka, vinavyotiririka juu ya barafu safi isiyo na mawe wala miti, hupinda vivyo hivyo. Sababu imo ndani ya mwendo wa maji yenyewe.

Maji yakifika kwenye kona, yale ya juu, yenye kasi, husukumwa upande wa nje, na uso wa mto huinuka kidogo upande huo. Chini, karibu na sakafu, maji yamepunguzwa kasi na msuguano, kwa hiyo uzito wa maji yaliyorundikana nje huyasukuma kuelekea upande wa ndani. Ukikoroga chai yenye majani utaona jambo hilohilo: majani hukusanyika katikati ya kikombe, hayaendi pembeni. Mwaka 1926 Albert Einstein aliutumia mfano huo kueleza kona za mito.

Basi maji hupita kwenye kona yakijizungusha kama parafujo. Upande wa nje huchimbwa na kuwa na kina kirefu, na upande wa ndani hupokea mchanga na changarawe. Mmomonyoko huwa mkali zaidi mbele kidogo ya kilele cha kona, ndiyo maana kona nzima, mbali na kutanuka, huhamia pia upande mto unakoelekea.

Ukingo wa nje unastahili kuangaliwa kwa karibu. Mara nyingi tabaka la juu ni udongo wa mfinyanzi na la chini ni mchanga. Mchanga huondoka kwanza, na mfinyanzi hubaki ukining'inia. Ufa hutokea nyuma ya ukingo, sambamba na mto, kisha pande kubwa la udongo huanguka. Pande hilo hukinga mguu wa ukingo kwa muda, hadi maji yalimalize. Watu wengi huhofia kilele cha mafuriko, lakini kingo nyingi huporomoka maji yanaposhuka: udongo bado umelowa na ni mzito, na maji ya mto yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka.

Ukubwa wa kona hufuata upana wa mto. Kutoka kona moja hadi inayofuata ya upande uleule ni takriban mara 10 hadi 14 ya upana huo. Kupima upindaji, gawa urefu wa mto kwa umbali wa moja kwa moja: kilomita 9 za mto kati ya sehemu zilizo umbali wa kilomita 6 ni 1.5, na kuanzia hapo mto huhesabiwa kuwa wa kona.

Kona mbili zikisogeleana, ardhi iliyo kati yake hubaki shingo nyembamba. Chukua kona ya kilomita 8 ambayo mto hushuka mita 2, yaani sentimita 25 kwa kila kilomita. Ikiwa shingo ina mita 400, maji yakikatiza hapo hushuka mita zilezile 2, na mteremko ni mara 20. Mafuriko mamoja yanaweza kumaliza kazi. Midomo ya kona ya zamani huzibwa na mchanga, na maji yaliyobaki huwa ziwa la upinde. Kila mafuriko huongeza tope, matete huota kando, na hatimaye ziwa hugeuka kinamasi, kisha ardhi kavu.

Mji wa Vicksburg, Marekani, uliamka mwaka 1876 ukiwa hauna tena Mississippi mbele yake; mto ulikuwa umekata shingo. Mfereji wa kuurudishia maji ulikamilika mwaka 1903.

Kunyoosha mto kwa mashine ni jambo jingine. Mto Kissimmee, huko Florida, Marekani, ulikuwa na kilomita zipatazo 166 za kona. Ukageuzwa mfereji wa kilomita 90 hivi, kazi iliyomalizika mwaka 1971. Ardhi oevu ilikauka, ndege wa majini wakapungua, na baadaye serikali ikalazimika kufukia sehemu ya mfereji huo. Kwingineko mteremko ulioongezwa huufanya mto uchimbe sakafu yake kurudi nyuma, na misingi ya madaraja yaliyo upande mto unakotoka hubaki wazi.

Anayetaka kulinda ukingo wa nje aanze chini. Mawe yaliyopangwa juu tu huanguka pamoja na ukingo. Yapaswa kuanzia chini ya kina ambacho mto huchimba wakati wa mafuriko, na kupita miisho yote miwili ya sehemu inayoliwa, la sivyo maji huyazunguka kwa nyuma.