Nani kamrudishia nani? Malengelenge ya siri yanapowapata mume na mke

Hapa Busia mpakani, wanandoa wenye malengelenge ya sehemu za siri huniuliza swali moja: “Daktari, tulimeza dawa pamoja tukapona, sasa yamerudi. Nani amemrudishia mwenzake?” Wameshazoea kisonono, ambacho kweli msipotibiwa wote wawili mtaambukizana upya.

Kwa herpesi, yaani kirusi kinacholeta malengelenge haya, hakuna aliyemrudishia mwenzake. Kirusi hiki kikishaingia hakitoki. Hupanda kwenye neva hadi sehemu ya chini ya uti wa mgongo, hujificha humo, kisha mwili ukilegea kwa homa, uchovu, hedhi au mawazo, hushuka tena hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana mume anaweza kumaliza mwaka bila lengelenge hata moja huku mkewe akisumbuka kila mara, ingawa kirusi ni kile kile.

Na kwa kuwa mwili hujijengea kinga, ni nadra mtu kuambukizwa tena aina aliyo nayo tayari. Wote wawili mkiwa na aina ya 2, ile ya sehemu za siri, ngozi ikiwa nzima, hamhitaji kondomu kwa ajili ya malengelenge peke yake. Ila hakikisheni ni aina moja: mwenye aina ya 1, ile ya midomoni ambayo nayo hushukia sehemu za siri, bado anaweza kupata aina ya 2. Jibu la kipimo cha damu lipokeeni kwa tahadhari. Utafiti wa Rakai, hapa hapa Uganda, ulionyesha kuwa baadhi ya vipimo hivyo humwita mgonjwa mtu asiye na kirusi. Kipimo cha majimaji ya kidonda kibichi, kikipatikana, nakiamini zaidi.

Sasa dawa. Kila mtu ameze yake, kwa wakati wake. Kabla malengelenge hayajatokeza, wengi husikia mwasho, au kuchomachoma kunakoshuka hadi pajani au makalioni. Hiyo ndiyo saa ya kumeza, si kesho kutwa yakishapasuka. Kwa mtu mzima ambaye ugonjwa umemrudia, asikloviri miligramu 400 mara tatu kwa siku, kwa siku 5. Wagonjwa wangu nawaandikia dozi ya akiba, na dereva wa trela namwambia aiweke ndani ya gari, maana akikwama kwenye foleni ya Malaba hatapata nafasi ya kutafuta daktari. Anayesumbuliwa mara 4 hadi 6 kwa mwaka au zaidi anaweza kumeza 400 asubuhi na jioni kila siku, mwenye shida ya figo akipunguziwa. Mwenzake asiye na dalili hahitaji kumsindikiza kumeza! Krimu ya kupaka inasaidia kidogo mno, na antibiotiki haiui kirusi. Mkojo ukiunguza, kaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, ukojoe humo humo. Wanawake wengi huniona wa ajabu nikisema hivyo, halafu hunishukuru.

Vidonda vikiwepo, acheni tendo mpaka ngozi ipone kabisa. Mbali na maumivu, hapo ndipo Ukimwi unapopata mlango: mwenye aina ya 2 ana hatari ya kupata VVU karibu mara tatu ya asiye nayo. Kuwa na malengelenge wote wawili hakumaanishi majibu yenu ya VVU ni sawa, kwa hiyo pimeni, pamoja na kaswende. Mmoja akiwa na VVU, kinachomkinga mwenzake ni ARV, kondomu na dawa kinga. Asikloviri haizuii VVU kuambukizwa.

Kuhusu nani aliyeanza, mimi huwa sijibu, kwa sababu sijui. Kirusi kinaweza kulala miaka mingi kabla ya kidonda cha kwanza, na wengi walio nacho hawana habari. Ndoa imevunjwa kwa ushahidi ambao haupo.

Mimba nayo huwatisha bure wengi. Mama aliyeambukizwa zamani humpitishia mtoto kinga yake. Hatari kubwa ni kwa anayeambukizwa mara ya kwanza miezi ya mwisho. Hata hivyo mwambieni mkunga mapema: dawa inaweza kuanzishwa wiki ya 36, na uchungu ukianza vidonda vikiwepo, mama hujifungua kwa upasuaji.