Bima ya dharura kwa wenye nyumba za kupangisha: dhana potofu na ukweli

“Nina bima ya jengo, inatosha.”
Bima ya jengo hushughulika na hasara iliyokwisha kutokea: dari iliyolowa, sakafu iliyovimba. Ya dharura humleta fundi usiku wa manane afunge maji. Bomba moja likipasuka linaweza kuzihitaji zote mbili: ya dharura kwa bomba, ya jengo kwa dari.

“Fundi akishafika, kila kitu kitakuwa kama kipya.”
Hapana. Kazi yake ni kuondoa hatari na kuzuia hasara isizidi. Paa lililong’olewa na upepo litafunikwa turubai; kuezeka upya ni hesabu nyingine. Tena kila tukio lina kikomo cha malipo, na humo mara nyingi mnaingia ujira wa fundi pamoja na vifaa. Kinachozidi unalipa wewe.

“Nitamwita fundi wangu, risiti nitapeleka baadaye.”
Hapa ndipo wengi huumia. Kwa kawaida mkataba hutaka upige kwanza simu ya dharura ya kampuni ya bima, nayo ndiyo imtume fundi. Ukitangulia na wako, hata awe hodari namna gani, dai lako linaweza kukataliwa. Mikataba mingine humruhusu mpangaji kupiga mwenyewe. Ukiwa na wa namna hiyo, mpe namba. Mimi ningeibandika ndani ya kabati la jikoni kabla ya kukabidhi funguo.

“Kila kinachoharibika ni dharura.”
Dharura ni jambo la ghafla ambalo hukulitarajia. Koki inayodondosha matone tangu mwezi uliopita haimo, wala uchakavu. Na kama mpangaji alikwisha kukuandikia kuhusu tatizo hilo nawe ukanyamaza, ujumbe wake unaweza kuwa ushahidi dhidi yako.

“Nyumba ikiwa tupu bado ina kinga.”
Kwa muda tu. Mikataba mingi husitisha kinga nyumba ikikaa bila mtu siku 30 au 60 mfululizo. Mwanzoni mwa mkataba pia huweza kuwapo siku za kungoja, mara nyingi 14, ambazo ndani yake huwezi kudai.

“Bima imebeba wajibu wangu.”
Imebeba gharama fulani tu, na kodi isiyolipwa haimo. Kampuni ikikataa dai, mpangaji bado hana maji, na anayepaswa kuyarudisha ni wewe.